Pete kwa Pete

Kabla kikundi hakijakutana hata mara moja, mwezeshaji hukaa na kila mgonjwa peke yake. Ni mazungumzo ya nusu saa, wakati mwingine yanazidi kidogo. Huuliza mara ya mwisho mtu huyu alipofakamia chakula ilikuwa lini, alikula nini, alikuwa wapi, na kilichokuwa kikipita moyoni mwake dakika chache kabla. Swali hili la mwisho ni geni kwa wengi. Wameshapanda mizani mara zisizohesabika, wameshapewa karatasi za vyakula vya kuacha, wameshaambiwa wajikaze. Sasa mbele yao kuna mtu mwenye kalamu anayetaka kujua habari za dakika zile chache, na ambaye haonyeshi dalili yoyote ya haraka.

Kazi ninayotaka kuieleza ni ya huyu mwezeshaji. Anawafundisha watu wanaohangaika na uzito jinsi ya kuzimudu hisia zao bila kukimbilia chakula, na anawafundisha kwa pamoja, kikundini. Kikundi chenyewe hakikaribishi mtazamaji, kwa kuwa yanayosemwa mle ni siri za watu. Lakini utaratibu wake umeandikwa hatua kwa hatua, na mwenye kuufuata kwa makini huona ufundi ambao nje ya hospitali ni wachache wanaoujua.

Asili yake ni Marekani. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alitunga mafunzo ya stadi kwa ajili ya watu waliokuwa wakijiumiza na kutaka kujiua, na kitabu chake cha mafunzo kikatoka mwaka 1993. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, Christy Telch aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wanaofakamia chakula wana shida iliyofanana na ya hao: hisia ikipanda hawana njia ya kuishusha. Akazichukua stadi za Linehan, akazipanga upya kwa ajili yao. Mwaka 2009 yeye, Debra Safer na Eunice Chen walichapisha kitabu cha kuwaongoza waganga katika kazi hiyo.

Kufakamia kunakozungumziwa hapa si kula vizuri sikukuu ya Idi au Krismasi. Ni kula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku mtu akihisi kwamba ameshindwa kujizuia. Albert Stunkard, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliielezea hali hii kwa wagonjwa wanene tangu mwaka 1959, ingawa ilichukua hadi 2013 kuingizwa rasmi kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo. Maelezo anayoyatumia mwezeshaji ni mepesi. Hisia nzito inapanda: hasira, upweke, woga, hata kuchoshwa tu. Chakula kinaituliza upesi. Kwa kuwa kinatuliza, mwili unajifunza kukirudia. Baada ya saa moja inakuja aibu, nayo ni hisia nzito vilevile, inayotaka kutulizwa.

Wiki ni 20, kila wiki mara moja, saa mbili kila mara. Waongozaji ni wawili. Viti hupangwa kuuzunguka ubao mweupe, na chombo kinachofanya kazi kuliko vyote chumbani ni ubao huo na maka peni zake. Kila mshiriki huja na jalada la karatasi za mazoezi. Saa ya kwanza ni ya kukagua kazi ya nyumbani, ambapo kila mtu ana takriban dakika tano zake. Kisha kuna mapumziko mafupi, halafu saa ya pili hufundishwa stadi mpya na kuijaribu papo hapo.

Siku ya kwanza haina stadi. Ina ahadi. Mwezeshaji huugawa ubao kwa mstari wa katikati na kuwauliza washiriki faida za kuendelea kufakamia. Wao hushangaa: wanatarajia kuulizwa madhara. Yeye husubiri. Mmoja atasema chakula humnyamazisha, mwingine kwamba ndicho kitu pekee kwa siku nzima anachokifanya kwa ajili yake mwenyewe, na yote huandikwa kwa hati ileile nadhifu, bila kupingwa. Ndipo unafuata upande wa pili: afya, fedha, watoto wanaofichwa makopo matupu ya aiskrimu, asubuhi za kushindwa kujitazama kwenye kioo. Wakati pande zote mbili zimejaa, anawaomba waahidi kuacha kabisa. Wanasita. Mtu aliyeshindwa kwa miaka 20 anaogopa ahadi nyingine.

Hapa huhitajika ulimi wa mtu aliyekomaa katika kazi yake. Anawataka waape kwamba hawatafakamia tena, na aape kila mmoja kwa dhati kama ambaye hawezi kuanguka. Hapohapo anawaambia kwamba atakayeanguka atainuka, ataeleza ilivyokuwa, na ataapa upya. Mambo haya mawili yanavutana. Ukiegemea la kwanza peke yake, atakayeteleza wiki ya tatu hatarudi tena kwa fedheha. Ukiegemea la pili peke yake, ahadi inakuwa maneno matupu. Mwezeshaji hayasuluhishi. Huyashika yote mawili kwa wiki 20, na kila linapolegea moja hulikaza kwa neno moja tu.

Kila mshiriki huenda nyumbani na kadi ya kila siku. Ina safu za siku na mistari ya mambo ya kuandika: msukumo wa kufakamia ulikuwa mkali kiasi gani, alifakamia mara ngapi, alikula ovyo bila kujua mara ngapi, hasira, huzuni, aibu, furaha, stadi alizotumia. Uzito huandikwa mara moja tu kwa wiki. Upo pia mstari unaouliza kama mtu anatamani kuacha mafunzo. Nauona ni mstari wa busara kubwa, kwa sababu anayetaka kukimbia anapewa mahali pa kulisema hilo kabla hajakimbia.

Kadi hiyo ina kipengele kingine ambacho mtu wa haraka angekipuuza. Ni yale matendo madogo yanayoonekana hayana neno: kununua biskuti za wageni ambao hawajasema watakuja lini, kupita barabara yenye duka la keki wakati njia fupi ipo, kutoandika kadi kwa siku mbili. Mwezeshaji huyaulizia kwa sauti ileile anayoulizia mambo makubwa. Hamshtaki mtu. Anataka tu biskuti zile ziandikwe, kwa kuwa kilichoandikwa kitapata nafasi yake ubaoni.

Na kazi ya ubaoni ndiyo kiini cha ufundi wote. Tuchukue mfano. Mshiriki, karani wa makamo anayeishi peke yake, anasema, "Jumanne nilifakamia. Sijui kwa nini, nilijikuta tu." Mwezeshaji asiyekomaa angelikimbilia lile "kwa nini" na kuanza kubuni sababu, au angempa moyo na kupita kwa mwingine. Mzoefu husimama, huenda ubaoni, na upande wa kulia kabisa huchora duara. Ndani yake huandika kilichotokea: saa tatu na nusu usiku, aiskrimu kopo zima, mkate nusu, jibini. Halafu huhamia kushoto kabisa na kuchora duara nyingine iliyo tupu. "Jumanne uliamkaje?"

Karani alilala kwa saa nne tu. Linaandikwa. Mchana alikula nini? Hakula, kazi zilizidi. Linaandikwa. Kati ya duara hizi na ile ya kulia kuna nafasi pana, na kazi ni kuijaza pete kwa pete mpaka mnyororo uungane. "Kisha?" Akarudi nyumbani saa kumi na mbili. "Kisha?" Dada yake akampigia simu. Walizungumza nini? Harusi ya mpwa wao. Dada aliuliza kama ameshapata gauni la kumtosha. Mwezeshaji hasogei mbele. Anauliza: uliposikia neno hilo, ulijiambia nini, kwa maneno yaleyale? Karani ananyamaza, kisha: "Kwamba nitakuwa kioja kwenye picha." Na mwilini, ulihisi wapi? Kooni. Mashavu yakapata moto. Kila jibu linapata duara yake: wazo moja, hisia moja, tendo moja, kila kimoja mbali na mwenzake. Alidanganya kwamba kuna mtu mlangoni, akakata simu. Akawasha televisheni. Akaenda jikoni kunywa maji. Akafungua friza. Akajiambia leo imeshaharibika, haidhuru. Kijiko cha kwanza alikila akiwa amesimama.

"Nilijikuta tu" sasa ni duara kumi na tatu zilizojaa ubao mzima. Kikundi kimekaa kimya, kwa kuwa kila mmoja anaitambua pete yake mle.

Tazama jinsi mwezeshaji alivyofika hapo. Hakuuliza "kwa nini" hata mara moja, maana swali hilo humfanya mtu ajitetee au ajihukumu. Aliuliza lini, wapi, kisha nini. Ile hadithi aliifupiza pale tu ilipokuwa nyepesi, na kuirefusha palipokuwa na ukungu. Kati ya simu na televisheni palikuwa na dakika moja labda, na yeye alitumia muda mrefu kwenye dakika hiyo kuliko kwenye saa nzima iliyofuata. Kujua mahali pa kukawia hakuandikwi kwenye kitabu chochote. Hupatikana kwa kuchora mamia ya minyororo.

Bado kuna duara za baada ya tukio. Ulijisikiaje ulipomaliza? Karani anataka kusema vibaya, lakini mwezeshaji anamrudisha nyuma kidogo: dakika kumi za mwanzo? "Sikuhisi kitu." Mwezeshaji anaandika hivyohivyo, na anakiri kwamba lilikuwa tulizo la kweli. Sifa yake mojawapo kubwa ni kukubali kwamba chakula kilifanya kazi. Asingekubali, karani angejua anadanganywa. Baadaye ikaja aibu, na Jumatano asubuhi karani akaruka kifungua kinywa ili kufidia. Mwezeshaji anauvuta mshale mrefu kutoka pete ya mwisho mpaka ile ya kushoto ya mlo ulioachwa. Mnyororo wa Jumatano umeshaanza.

Kisha anamkabidhi karani maka peni. Ni pete ipi ingekuwa rahisi kuivunja? Wengi huonyesha friza. Mwezeshaji hawakatazi, ila huwauliza hamu ilikuwa na nguvu kiasi gani wakati huo, na wenyewe wanaona kwamba pale walikuwa wameshabebwa. Karani anarudi nyuma polepole na kuzungushia duara ya mlo wa mchana. Halafu, baada ya kusita, ile ya simu. Pembeni ya kila moja anaandika stadi ambayo angeitumia, na hiyo ndiyo kazi yake ya nyumbani kwa wiki inayokuja.

Mara nyingine mtu hulia akiwa katikati ya mnyororo. Hapo ndipo mwongozaji wa pili, ambaye muda wote amekuwa akiangalia saa na nyuso za wengine, huonyesha thamani yake. Huona kwamba mshiriki wa kiti cha mwisho ameinamisha kichwa, akamwita kwa jina, kwa sauti ya chini. Wa ubaoni hafuti machozi ya mtu kwa maneno ya kuliwaza. Anauliza hisia hiyo ni ipi. Aibu. Iko wapi mwilini sasa hivi? Ina uzito gani? Anakaa nayo pamoja na mwenyewe mpaka ipungue, na ikipungua anamwonyesha kwamba imepungua bila chakula.

Stadi yenyewe anayomwonyesha ina historia yake. Alan Marlatt, aliyekuwa pia Chuo Kikuu cha Washington, aliwafundisha watu waliotaka kuacha sigara na pombe kuutazama msukumo kama wimbi: unainuka, unafika kileleni, unashuka wenyewe ukiachwa. Hakuna haja ya kupigana nao wala kuutii. Katika saa ya pili mwezeshaji huwafanyisha zoezi hilo. Washiriki wanafumba macho, wanakumbuka hamu ya chakula fulani, na yeye anahesabu nao inavyopanda na kushuka kwa namba. Sauti yake haibadiliki namba inapokuwa kubwa. Angeonyesha wasiwasi, nao wangeogopa.

Zipo nyingine. Kupumua kwa tumbo, ambako hufundishwa kwa kuweka kiganja chini ya kifua. Kuikagua hisia kama inalingana na kilichotokea. Kutenda kinyume cha hisia inavyoagiza: aibu ikimwambia mtu ajifiche wakati hajamkosea yeyote, yeye ainue uso na aende harusini. Kulala vya kutosha, kula kwa wakati, kutibu maradhi ya mwili, mambo yanayopunguza wepesi wa kuumia. Hizi anazipitia kwa kasi zaidi, moja baada ya nyingine, na kila moja ina karatasi yake.

Ila kwenye zabibu kavu anakawia. Zoezi hili lilipata umaarufu kupitia mafunzo ya Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha kliniki yake huko Worcester, Massachusetts, mwaka 1979. Kila mshiriki anapewa punje. Anaitazama mikunjo yake, anaigeuza kwenye mwanga, anainusa, anaigusisha mdomoni kabla ya kuitia ulimini. Anaacha mate yajae. Anatafuna mara moja na kusikiliza. Mwezeshaji anatoa maelekezo kwa sentensi fupi zenye nafasi kubwa kati yake, na yeye mwenyewe ana punje mkononi, anafanya pamoja nao. Kwa watu ambao kwa miaka mingi wamekula kwa kujificha na kwa kasi, kula mbele za wengine kwa dakika kadhaa kitu kidogo kiasi hicho ni kazi ngumu. Wapo wanaogundua kwamba hawajawahi kuonja.

Linehan aliweka sharti ambalo linanifanya niiheshimu kazi hii zaidi: wanaoifanya wakutane wenyewe kila wiki, wakosoane na kusaidiana, na stadi wanazofundisha wazitumie kwanza juu yao. Mwezeshaji aliyekasirishwa na mshiriki anayechelewa kila wiki huichora hasira yake kwa pete zilezile, mbele ya wenzake. Mwaka 2011 Linehan mwenyewe alieleza hadharani kwamba katika ujana wake alilazwa kwa muda mrefu katika hospitali ya magonjwa ya akili. Stadi alizowafundisha wengine alianza kuzitafuta akiwa upande wa pili wa meza.

Matokeo yamepimwa. Katika jaribio la Telch, Stewart Agras na Linehan lililochapishwa mwaka 2001, wanawake 18 walimaliza mafunzo, na 16 kati yao walikuwa wameacha kufakamia, wakati katika kundi lililokuwa likisubiri zamu ni wawili tu kati ya 16. Miezi sita baadaye kiwango cha walioendelea kujizuia kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 56. Uzito wa makundi mawili haukutofautiana sana, na mwezeshaji mwaminifu hulisema hilo tangu mwanzo: kinachotibiwa hapa ni kufakamia, na mizani ina njia yake ndefu zaidi. Jaribio la pili, la mwaka 2010, lilikuwa na watu 101 na lilikuwa kali zaidi, kwa kuwa lililinganisha mafunzo haya na kikundi kingine cha tiba kilichoongozwa vizuri. Baada ya mwaka mmoja tofauti ya kufakamia kati ya vikundi hivyo ilikuwa imefifia. Lakini namba moja ilibaki wazi. Katika kikundi cha kulinganishia theluthi moja ya watu waliacha njiani. Katika kikundi cha stadi waliacha asilimia 4.

Nimeitafakari sana namba hiyo. Watu hawa wamezoea kuacha: wameacha vyakula maalumu, mazoezi, kliniki, madaktari waliowagombeza. Hapa walikaa wiki 20, na kila wiki walisema mbele ya wengine jambo walilokuwa wakilificha. Naamini waliobaki walibakizwa kwa sehemu kubwa na yule mtu wa ubaoni, aliyeandika kila neno lao kwa hati moja na kuuliza "kisha?" bila kuchoka.

Kwetu uzito si jambo la mbali tena. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wamezidi uzito au ni wanene kupindukia, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Mtu hupongezwa kwa kunenepa na shangazi asubuhi, na jioni akaitwa bonge na kondakta. Akifika kliniki hupewa orodha: punguza ugali, acha chipsi, tembea. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haisemi lolote kuhusu saa tatu na nusu usiku.

Wala kazi ya mwezeshaji haihitaji majengo mapya wala mashine. Jijini Nairobi wahudumu wa afya ya jamii wasio wanasaikolojia walifunzwa mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani wa kuwasaidia wanawake waliolemewa na msongo, na jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha wanawake hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mikono ya kufundishika ipo. Kwa hiyo ninawaomba wanaosimamia kliniki za kisukari na za uzito, na wakuu wa vyuo vya uuguzi: chagueni muuguzi mmoja msikivu, mpeni mafunzo, mpeni msimamizi wa kumtazama akifanya kazi na wenzake wa kukosoana nao, mpeni chumba, ubao na saa mbili kila wiki. Na msimdai matokeo ya mizani kabla hajafika wiki ya 20.